Talaka Isiyochukuliwa

Fundi wa makochi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, koleo mkononi, aking'oa misumari iliyoshika kutu, pale mwanamume aliyekuwa mumewe aliposimama mlangoni mwa karakana na kuziba mwanga.

"Hodi, fundi."

"Karibu, fundi. Sogea kidogo, sioni ninachong'oa."

Ndivyo walivyoitana tangu siku za uchumba, huyu fundi wa makochi, yule fundi umeme, na hata talaka haikuwapa majina mengine. Mwanamume akaingia, akaruka sponji iliyosagika na lundo la vitu vilivyotoka tumboni mwa kochi: sega, kijiko, kalamu tatu, soksi ya mtoto. Akatafuta pa kukaa. Kwa fundi wa makochi huwa hapakaliki, kila kiti kiko uchi, kwa hiyo akaishia juu ya robota la kitambaa, magoti yakiwa karibu na kidevu.

Habari za ndoa yake mpya hazikuwa ngeni hapo. Dada yake alikwisha kuzileta wiki nyingi zilizopita: kaka anaoa, anamwoa muuguzi wa zahanati ya juu, binti mpole, na ofisini kwa msajili wa ndoa wameshaanza kufuatilia. Fundi wa makochi alisema hongera, akaendelea kupigilia misumari. Alisema hongera kwa sauti nzuri kabisa. Baadaye akagundua kwamba amepigilia kitambaa upande wa nyuma mbele, ikabidi abandue chote.

"Nimekuja kwa shida," mwanamume akasema.

"Sema."

"Ni ofisi ya ndoa. Yaani wale watu! Wamesema tulete vyeti vya kuzaliwa, tumeleta. Wakasema picha zetu zina ukuta wa bluu, wao wanataka ukuta mweupe, tukapiga upya. Mashahidi wawili wenye vitambulisho, tukawapata. Mmoja kitambulisho chake kimekwisha muda, tukatafuta mwingine. Tangazo limebandikwa ubaoni wiki tatu, mwenye pingamizi ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza. Jana naenda kuchukua kibali, bibi mmoja pale dirishani ananiuliza, wewe umewahi kuoa? Nikamwambia ndiyo, tuliachana mahakamani. Nikampa ile karatasi yetu."

"Si unayo?"

"Ninayo. Anasema hiyo ni ya kwanza."

"Ya kwanza kivipi?"

Mwanamume akajikuna shingo. "Anasema ile ya kwanza ni jaji kukubali tu kwamba ndoa inaweza kuvunjwa. Halafu mnangoja miezi mitatu, mmoja wenu anarudi kuomba ya pili. Hiyo ya pili ndiyo inayovunja. Sasa wameangalia mahakamani, hakuna aliyekwenda."

Koleo likatulia.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bado," akasema, akiangalia sakafu. "Mimi na wewe. Kisheria, bado."

Sheria nayo ina vituko vyake. Watu wakisema wanataka kuoana haiwaamini, inawabandika ubaoni wapigwe macho na kila mpita njia. Wakisema wanataka kuachana haiwaamini vilevile, inawaambia nendeni mkapoe kwanza. Na hawa wawili walipoa kweli, kila mmoja kwenye kona yake, wala hakuna aliyerudi. Yeye mwanamke alidhani atakwenda mwanamume, kwa kuwa ndiye aliyehama. Mwanamume alidhani atakwenda mwanamke, kwa kuwa ndiye aliyefungua kesi. Hata walipoishi pamoja walikuwa hivyohivyo. Kila usiku mmoja alilala akijua mwenzake amefunga mlango, na asubuhi waliukuta wazi, paka wa jirani amelala jikoni.

Lakini kwa nini alifungua kesi? Hapo ndipo kwenye donda. Mwanamume alikuwa amepata kazi mji mwingine, kutandaza nyaya kwenye kiwanda kizima, akamtaka wahame. Yeye akakataa kuiacha karakana ya marehemu baba yake. Wakagombana, mwanamume akaondoka peke yake, na simu zikawa za kuhesabu. Ndipo akafungua kesi ya talaka. Aliifungua ili akataliwe. Alijua, kama ajuavyo jina lake, kwamba mumewe akipata wito wa mahakama atapanda gari la kwanza, ataingia hapa akipiga kelele, ataichana ile karatasi vipande vipande. Mume alikuja kweli, amevaa tai, akasimama mbele ya jaji, akasema: "Kama ndivyo anavyotaka, mimi sina neno." Naye akaona haya kusema kwamba sivyo anavyotaka. Wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, na mbele ya jaji si mahali pa kuanza kulia.

"Unataka nifanye nini?" akauliza sasa.

"Twende pamoja mahakamani. Wewe ndiye mwombaji, lazima uwepo. Ni kusaini tu, fundi. Tusipoipeleka hiyo karatasi wiki hii, tangazo letu linakufa, tunaanza upya. Na watu tumeshawaalika."

"Sawa," akasema. "Twende kesho."

Mwanamume akamshukuru mara mbili, akaondoka akiruka ile sponji.

Na fundi wa makochi akafurahi. Tuseme ukweli, kwa nini tufiche? Alifurahi mpaka akaona aibu, akafunga mlango wa karakana mchana kweupe ili asionekane. Miaka yote ile alilia kwa kitu ambacho hakikuwa kimetokea. Alijiita mtalaka, akavumilia huruma za majirani, akalala upande wake wa kitanda na kuuacha ule mwingine, kumbe alikuwa mke wa mtu, mke halali, na hakuna aliyemwambia. Akapiga nyundo, ikamwangukia dole gumba, akacheka peke yake.

Jioni wifi yake akapita, dada mkubwa wa fundi umeme, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki. Alijitupa kwenye lile kochi bila kuangalia, akazama hadi kwenye mbao, akapiga ukelele.

"Wifi, hili kochi lina nini?"

"Halina kitu. Ndiyo maana liko hapa."

"Haya, nimesikia kisa chenu." Wifi akajikwamua, akakaa ukingoni. "Yaani miaka yote nakuita wifi kwa mazoea, kumbe nakuita kwa sheria! Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma." Kisha akaacha kucheka. Alikuwa amemtazama usoni. "Usinifanyie hivyo, wifi."

"Nimefanya nini? Sijasema kitu."

"Ndiyo maana naogopa. Hayo macho nayajua. Kaka yangu anaoa, mama. Anampenda yule binti. Usijidanganye kwa sababu ya uzembe wa makaratasi."

"Nani anajidanganya?"

"Haya. Mimi sipo," wifi akasema, lakini akamshika mkono na kuubana kabla ya kuondoka.

Alikuwa anajidanganya, na alijua. Aliamka kabla ya jua, akaoga, akavaa gauni la rangi ya zambarau ambalo alikuwa amelinunua kwa shughuli ambayo hakuikumbuka tena. Njia nzima alirudia sentensi moja. Atamwambia kabla ya kusaini, si baada ya kusaini. Atamwambia: mimi sikutaka talaka, nilitaka uje unikatalie. Ni hilo tu. Akishalisikia, ajue mwenyewe la kufanya. Safari hii hatafungwa mdomo na haya mbele ya watu wa serikali.

Ofisi ya ndoa na mahakama zilikuwa jengo moja, hii chini, ile juu, kama duka la kununua na duka la kurudisha. Chini palijaa watu wenye maua. Mwanamume alikuwa amesimama karibu na ubao wa matangazo, na pembeni yake msichana mrefu aliyebeba bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Msichana alipomwona akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

Ile salamu ilimchoma kuliko tusi. Angetukanwa angejua la kujibu. "Marahaba," akasema. "Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, dada. Tunakushukuru sana kwa kujisumbua. Samahani kwa usumbufu."

Alitamani awe na kiburi, au awe amejipaka poda nyingi, au awe na chochote cha kumchukia. Hakuwa nacho. Alikuwa na viatu vya kazini, vile vyeupe, na macho ya mtu aliyetoka zamu ya usiku. Muuguzi akabaki chini kwenye benchi, wao wawili wakapanda ngazi.

Juu ilikuwa dirisha hadi dirisha. Dirisha la kwanza likasema nendeni la tatu. La tatu likasema nakala za vitambulisho ziko wapi? Wakashuka kwa mlango wa nyuma mpaka kibanda cha kutoa nakala. Kijana wa mashine akawatazama, gauni la zambarau na shati lililonyooka, akaachia meno yote.

"Hongereni sana! Leo ndiyo leo?"

Fundi wa makochi alingoja mwenzake amsahihishe. Mwanamume alicheka tu, akatikisa kichwa. "Acha, kaka. Toa nakala mbilimbili."

Kwa nini hakumsahihisha? Akalibeba swali hilo ngazi zote. Na ngazi zenyewe, mwanamume alipanda upande wa ukuta na kumwachia yeye upande wa kishikio, kama alivyofanya siku zote kwa ajili ya goti lake bovu. Kwenye benchi la kungojea alimwuliza kama bado anapigilia misumari kwa mkono, akamwambia sasa kuna bunduki ya pini, ni umeme tu, angeweza kumfungia soketi yake mwenyewe. Akamwambia habari za fundi mwenzake aliyechomeka taa za kanisa zima kwenye swichi moja, ukiwasha choo, mimbari inawaka. Wakacheka mpaka askari wa mahakama akawageukia. Fundi wa makochi akaona sentensi yake imekaa tayari mdomoni. Akafungua mdomo.

"Fundi," akasema, "mimi siku ile..."

"Wafuatao!" sauti ikaita.

Karani alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu wa utaratibu. Aliwaketisha, akasoma faili toka mwanzo hadi mwisho bila haraka, akilamba kidole kwa kila ukurasa.

"Mmechelewa," akasema. "Mngekuja ndani ya mwaka mmoja, ningegonga mhuri mkaenda zenu. Mkichelewa hivi, sheria inanitaka niwaulize. Na majibu yenu ni kiapo, kwa hiyo tusikilizane. Baba, naanza na wewe. Tangu siku ile ya jaji mpaka leo, mmewahi kurudiana? Kuishi pamoja kama mume na mke, hata kwa siku chache?"

"Hapana," mwanamume akasema.

Alilisema wepesi, kama mtu anayeulizwa kama amebeba mwavuli.

Fundi wa makochi akamgeukia. Kwa maana ilikuwepo wiki moja.

Ilikuwa wiki waliyomzika mama mkwe. Mwanamume alikuwa amekuja kutoka mji ule mwingine, na nyumba ya dada yake ilijaa ndugu mpaka wanaume wakatandikiwa mikeka uani. Mvua ikanyesha. Jioni ile ya kwanza alikuja mlangoni kwake amelowa chapachapa. Alimpa taulo. Alimpa uji. Ndugu walidhani amelala kwa jirani huyu, majirani walidhani amelala kwa yule. Kila siku alikwenda msibani, kila jioni alirudi kwake, na wiki nzima walikula sahani moja, wakalala godoro moja, mkono wa mwanamume juu ya tumbo lake kama zamani. Asubuhi ya mwisho alimbusu paji la uso, akasema, "Tutaonana, fundi." Neno hilo ndilo lililomlisha miaka yote iliyofuata. Alilila asubuhi, akalila jioni. Aliposikia mwanamume amerudi kuishi mji huu alifagia nyumba yote. Hata aliposikia habari za muuguzi alijisemea, hapana, kuna ile wiki, ile wiki hawezi kuiruka.

"Mama?" karani akasema. "Na wewe unasemaje?"

"Na kama mtu akisema ndiyo?" akauliza.

Mwanamume akageuka. Karani akavua miwani.

"Akisema ndiyo, mimi sina mamlaka tena. Maana yake mlirudiana. Hili faili linarudi kwa jaji, linaanza mwanzo, na kama kuna ndoa inangoja huko chini, isahauni kwa mwaka huu. Kwani iko?"

"Fundi," mwanamume akasema, na sauti yake ilikuwa ya mshangao mtupu, "unauliza nini? Hatujawahi. Si nilikuwa mbali kabisa?"

Akamtazama. Alimtazama kama anavyotazama kochi kabla ya kulifungua, kila mshono. Mtu huyu hakujua kudanganya. Akidanganya masikio yalimwiva na macho yakatafuta dari. Masikio yake yalikuwa ya kawaida. Macho yalikuwa yamemtulia usoni, safi, yenye wasiwasi kidogo, ya mtu ambaye kweli haelewi.

Hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau.

Hapo sentensi yake yote, ile aliyoibeba tangu alfajiri, ikamwishia mdomoni. Angemwambia nini? Sikutaka uniache? Angeweza kumzuia kwa neno moja, sheria ilikuwa upande wake, na kila alichohitaji kilikuwa kweli tupu. Angesema ndiyo na yule msichana wa viatu vyeupe angerudi kwao na bahasha yake. Lakini angempata nani? Angempata mume wa kwenye faili. Yule wa wiki ile, inaonekana, alibaki kwenye kumbukumbu yake yeye tu.

"Hapana," akasema. "Hatujawahi."

"Hata siku chache?"

"Hata siku moja."

Karani akaandika, akageuza karatasi, akawaonyesha pa kusaini. Yeye alisaini kwanza. Mkono wa fundi una adabu zake. Mhuri ukapigwa, mara moja, kwa nguvu, na karani akapuliza wino.

"Basi. Sasa ndiyo mmeachana," akasema, na kwa sauti ya chini, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Poleni. Au hongereni, sijui nini na nini."

Nje kwenye ujia mwanamume akashusha pumzi ndefu. Akaikunja ile karatasi vizuri, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Asante, fundi. Kuna wanawake wangenitesa hapa. Wewe umekuwa mtu mwema siku zote."

Alikuwa ameamua kunyamaza. Alikwisha kushika kishikio cha ngazi. Lakini moyo una ujinga wake, ukataka kuhakikisha kama maiti amekufa kweli.

"Fundi," akauliza, "ile wiki ya msiba wa mama, ulilala wapi?"

Mwanamume akasimama. Uso ukamwanguka, akawa mtoto ghafla, mtoto wa mtu. "Wiki ile," akasema taratibu. "Wiki ile hata sijui niliiishi vipi. Nakumbuka udongo. Nakumbuka mvua, na dada anapiga kelele. Mengine yote ni giza, fundi. Watu wananiambia nilifanya hivi, nilisema vile, mimi sina habari." Akamtazama, akijitahidi. "Nililala wapi? Kuna uji nilikunywa mahali. Nililala kwako?"

Na hapo ndipo fundi wa makochi alipovunjika, si mbele ya karani. Kwa sababu alielewa kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi hata mara moja kuikumbuka wiki ile kama wiki ambayo mama wa mtu alikufa. Yeye aliiita wiki yake nzuri. Mumewe alikuwa anazama pale kando yake, juu ya godoro lilelile, na yeye alikuwa amelala akitabasamu gizani.

Chini ya ngazi muuguzi alikuwa amesimama, bahasha kifuani, akiangalia juu, akiogopa kuuliza.

"Ulilala kwa dada yako," akamwambia. "Uji alikupikia dada."

"Ee," mwanamume akasema, akafarijika. "Lazima ni dada."

Akashuka kumwendea mchumba wake, ngazi mbili mbili. Fundi wa makochi akabaki ameshika kile kishikio, gauni lake la zambarau likionekana na wote waliokuwa chini na maua yao, na akalia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa leo asubuhi.